Kesi ya mtoto mmoja, nyumba ya watoto wanne

Ujumbe umeingia wiki hii kutoka Busia, upande wetu wa Uganda: "Mpwa wangu wa miaka 6 amepelekwa makao ya watoto kwa amri ya mahakama. Dada zake wawili wako kwa nyanya yao, kaka yao mkubwa kabaki na baba. Sisi jamaa hakuna aliyetuuliza kitu. Hii ni kawaida?"

Ni kawaida, na ndiyo shida yenyewe. Mahakama ya Familia na Watoto hushughulika na mtoto ambaye jina lake limo kwenye ombi. Kikao ni cha faragha: wanaoingia ni wahusika wa kesi, wazazi au walezi, mawakili, mashahidi, ofisa wa probesheni (ofisa wa serikali wa ustawi wa jamii), na yule ambaye mahakama imemruhusu. Shangazi aliyefika saa mbili asubuhi na chapati kwenye kikapu atashinda kwenye benchi nje. Hakimu hajamdharau, hajui tu kama yupo. Kilicho mezani kwake ni ripoti ya ofisa wa probesheni, na ripoti ikisema "ana ndugu watatu" ikaishia hapo, basi na habari za hao watatu zimeishia hapo.

Kwa hiyo pambaneni kwenye ripoti, kabla amri haijatoka. Jamaa wengi hujazana mahakamani siku ya uamuzi, na kazi ilikuwa ya wiki kadhaa nyuma, katika ofisi ya probesheni ya wilaya.

Nenda na karatasi moja yenye watoto wote wa nyumba ile, wakiwemo wa baba mwingine au mama mwingine. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule na darasa, anaishi na nani sasa, na simu ya huyo anayeishi naye. Chini yake andika mambo ambayo watu wa nje hawayaoni: nani hulala na nani, nani humwogesha nani, mdogo akiamka usiku analia humwita nani. Ofisa mwenye mafaili mengi na pikipiki isiyo na mafuta hawezi kuyajua haya kwa kukisia. Ambatanisha barua ya LC1 (baraza la kijiji) ya kila jamaa aliye tayari kulea, nakala ya kitambulisho cha taifa, na maelezo ya kweli ya nyumba: vyumba, vitanda, neti, kipato, umbali wa shule. Usiongeze chumba ambacho hakipo. Atakuja kuhesabu.

Kabla ya hapo kaeni kikao cha ukoo, mchague msemaji mmoja. Nalisema hili kila mara na kila mara linapuuzwa. Jamaa sita wakienda ofisini kwa siku sita tofauti, kila mmoja na maneno yake, ofisa ataandika kwamba familia haielewani, na mtoto ataenda makao. Andikeni muhtasari: nani anachukua watoto, nani analipa ada, nani anawapokea likizo. Mweke sahihi, mwenyekiti wa LC1 apige muhuri. Lakini msidhani muhtasari huo unawapa haki zote. Ulezi wa kimila ulioingizwa katika Sheria ya Watoto kwa marekebisho ya 2016 ni kwa hali kama wazazi wote kufariki au kutopatikana. Mama akiwa hai, yuko sokoni anauza nyanya, kikao cha ukoo ni ushahidi mzuri, hakigeuki amri.

Na semeni kwa sauti mnachoomba. Amri ya malezi, ile inayomtoa mtoto nyumbani, ni hatua ya mwisho, baada ya njia nyingine za kumsaidia kujaribiwa bila mafanikio. Ninyi ndio njia nyingine. Kuna amri ya uangalizi, ambapo mtoto anabaki nyumbani na ofisa anafuatilia. Kuna pia amri ya kumwondoa mtu nyumbani, ambayo jamaa wengi hata hawajaisikia: anayehama ni yule mtu mzima mwenye kuleta hatari, watoto wanabaki kitandani kwao wote wanne. Ulizeni habari zake. Kama mmoja amedhuriwa na huyo mtu, wale watatu waliobaki naye nani anawatazama?

Kosa jingine ni kuomba mtoto mmoja. Shangazi anamtaka msichana wa miaka 12, "huyu naweza kumlea", na kila mtu anajua ni nani atakayekuwa akiosha vyombo. Maofisa wanalijua hilo tangu zamani. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema ndugu wenye uhusiano wa karibu wasitenganishwe ila pawepo hatari au sababu nyingine ya wazi kwa faida ya mtoto. Ukiweza wawili tu, sema wawili, na mtafute jirani au jamaa wa karibu kwa waliobaki, ili wakutane shuleni au Jumapili.

Wasamia, kabila la huku Busia, wana jamaa pande zote mbili za mpaka, na kishawishi ni kuwavusha watoto kwa kukhu (nyanya yao) Kenya mpaka mambo yapoe. Msifanye hivyo kesi ikiendelea. Itaonekana mmewaficha, na amri ya mahakama ya Uganda haitekelezwi ng'ambo kwa urahisi. Na kama kuna mtoto wa P7 (darasa la saba), mwambieni ofisa mapema: akishasajiliwa UNEB, baraza la mitihani, mtihani anaufanyia kwenye kituo alichosajiliwa.

Nyumbani, mtazameni dada mkubwa. Wenzake wameondoka, bado anapakua posho (ugali) kwenye sahani nne, kisha anarudisha mbili sufuriani. Watu wazima humwambia "sasa pumzika", kumbe wamemnyang'anya kazi iliyomfanya ajione mtu. Mwambie wadogo zake wako wapi, kwa jina la mahali. Na kama kuna mtoto aliyemweleza mwalimu siri ya nyumbani, ndugu zake watamlaumu kwamba ndiye aliyeivunja nyumba. Mtu mzima anayeheshimika awaambie mbele yake kwamba hakukosea. Msimhoji mtoto alichosema mahakamani, wala msimfundishe cha kusema. Mtoto aliyefundishwa hugundulika kwa swali la pili.

Mtoto akishaenda makao, ombeni siku za kumwona ziandikwe. Makao mengi hugawa watoto kwa umri na jinsia, hivyo hata waliopelekwa pamoja huweza kujikuta mabweni mbalimbali. Pelekeni wale ndugu, msiende watu wazima peke yenu. Nauli ikikosekana, simu ya dakika kumi kila Jumamosi saa ileile inafaa kuliko ziara moja ya Krismasi yenye soda. Ukiona mtoto anateswa popote alipo, piga 116, ni bure.

Amri ya malezi haizidi miaka 3, na mahakama inatakiwa kuipitia angalau mara moja kwa mwaka. Chukua namba ya faili kwa karani leo, siyo mwakani. Mwezi mmoja kabla ya mapitio rudi probesheni na karatasi ile ile ya watoto wanne, ikiwa na madarasa mapya, na tarehe za kila mara ndugu walipoonana.