Una leseni ya malori, daraja E, na hakuna anayekupa gari? Soma hapa mdogo wangu

Kuna kijana wa Makambako kanitumia meseji wiki iliyopita, ndefu balaa. Anaendesha bodaboda, malori ya Zambia na Congo yanampita puani kila siku, kajinyima mpaka akaja Dar kusoma kozi ya magari makubwa pale chuo cha usafirishaji NIT Mabibo, cheti kapata, leseni imepanda mpaka daraja E, na sasa kila yadi anayogonga geti wanamuuliza swali moja tu, una uzoefu wa miaka mingapi. Akaniuliza, "Kaka, huo uzoefu nitaupatia wapi kama hakuna anayenipa gari?" Nilimjibu kwa kifupi ila najua hili swali ni la wengi wenu, maana nanyi mkiona Scania jipya linatoka bandarini na kontena juu mnaona maisha ndo yale, kwa hiyo nimeona niliandike lote hapa.

Jibu ni utingo, yaani kuanza kama msaidizi wa dereva kwenye lori. Najua wengi hamtaki kulisikia. Mtu ana cheti cha chuo, ana daraja E, halafu umwambie akafunge turubai na kupiga jeki kwenye vumbi la Nakonde, mpakani upande wa Zambia, huku dereva kakaa kivulini anakunywa chai, anaona umemdharau. Mimi nimeanzia huko na sioni aibu hata kidogo, tena nikikaa na madereva walioruka hiyo hatua nawajua ndani ya nusu saa, pancha ikitokea wanaanza kutafuta namba ya fundi kwenye simu.

Mzee aliyenifundisha alikuwa haongei. Asubuhi kabla ya kuwasha gari alikuwa ananipa kipande cha nondo nizunguke nigonge tairi zote, kichwa na trela, na yeye anasikiliza tu akiwa anapiga mswaki. Mwanzo niliona ni mateso. Baadaye sikio likaelewa, tairi yenye upepo inarudisha sauti kali na nondo inaruka mkononi, tairi iliyoishiwa inajibu puu na nondo inabaki palepale. Sasa zile tairi pacha za nyuma, ya ndani ikiisha upepo kwa macho huioni, ya nje inabeba mzigo wa mbili, inapata moto, ukifika jua la Ruaha Mbuyuni inapasuka na hujui kwanini. Baada ya hapo unamwaga maji kwenye matanki ya upepo, unavuta kile kiwaya chini ya chasisi mpaka yatoke yale ya ukungu na mafuta yake, maana gari lote limesimamia upepo, breki ni upepo. Hayo darasani walinisomea pia, ila darasani hakuna tairi iliyowahi kujibu puu saa kumi na moja alfajiri mkiwa na baridi ya Mafinga.

Usukani alinipa mara ya kwanza kule Igawa kuelekea Chimala, tambarare ya Usangu, gari tupu, leseni ninayo mfukoni na ofisi inajua. Zingatia hilo la ofisi inajua, maana ukibeba usukani wa watu kwa siri ikatokea la kutokea bima itawakimbia wote wawili. Akanipa tambarare, akaninyima milima. Kitonga, ile milima ya kona kule Iringa, kuipanda alinipa mapema kidogo, ila kuishuka tukiwa tumetoka Congo na shaba alininyima muda mrefu sana mpaka nikamnunia. Siku hizi namuelewa. Shaba ni mzigo mdogo kwa macho, vibunda vichache tu katikati ya trela, mtu mgeni anadhani gari halina kitu, kumbe uzito wote upo na unakusukuma kwenye kona.

Kuishuka Kitonga kwangu mimi ni hivi. Juu kabisa kabla ya mteremko nasimama, hata kama nipo sawa nasimama, naangalia mshale wa upepo, nashika ringi kwa mkono nione kama kuna moja imepata moto kuliko zingine. Halafu naingia na gia ambayo ningeitumia kupandia, egzosti breki au retada, vile vifaa vya kupunguza mwendo bila kukanyaga breki, ndo inafanya kazi, mguu kwenye breki nagusa na kuachia, sikanyagi moja kwa moja. Ukianza kusikia harufu ya breki umeshachelewa hatua moja. Na hii tabia ya vijana ya kuweka gari frii, bila gia, kwenye mteremko ili wabakize lita za mafuta wauze, mimi sina lugha nzuri ya kuisema. Gari likiwa frii injini haikushiki tena, umebaki na breki peke yake, zikichemka huna kitu. Iwambi na Inyala pale Mbeya muulize mwenyeji yeyote atakuonyesha palipoangukia malori.

Ndo maana nawaambia hii kazi sehemu kubwa ni kusimama. Unasimama kupakia, unasimama mizani, unasimama mpakani, unasimama kabla ya mteremko. Kijana anayependa mwendo aende akaendeshe kitu kingine, huku lori mwisho ni 80 kwa saa, kwenye makazi 50, na trafiki wa tochi wako kwenye nyasi wanakusubiri. Mikumi ndo kabisa, ukigonga mnyama unalipa kulingana na mnyama mwenyewe, omba asiwe twiga.

Sasa niongelee kitu ambacho bado kinaniuma. Tajiri wangu mmoja wa nyuma huko aliniita mwizi wa mafuta. Gari lilikuwa na sensa kwenye tanki, ofisini wanaona kila kitu kwenye kompyuta. Nililaza gari usiku mmoja sehemu yenye mwinamo kwa sababu yadi ilijaa, upande wa tanki ukawa juu, mafuta yakasogea pembeni, boya la sensa likashuka, kompyuta ikasoma yamepungua. Asubuhi nilipoondoka ikasoma yamerudi, lakini hiyo ya kurudi hakuna aliyeitazama. Nilivyofika Dar nikakuta barua ipo tayari, mshahara umekatwa, funguo nimkabidhi mtu mwingine ambaye alikuwa ameshakaa kwenye benchi pale getini na begi lake. Nilijieleza mpaka nikachoka. Wale wale niliokuwa nakula nao ugali wakaanza kuniangalia kama nina harufu.

Nilienda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hapa nisikilizeni vizuri maana madereva wengi hawajui: ukiachishwa kazi kwa namna unayoona sio halali una siku 30 tu za kupeleka lalamiko, na madai mengine kama mshahara uliokatwa ni siku 60. Watu wanakaa nyumbani wanamsubiri tajiri apoe, siku zinaisha, wakienda wanaambiwa wamechelewa. Mimi niliwahi, tukasuluhishwa, hela nikapata. Hela. Jina halikurudi, mpaka leo kuna yadi nikipita kuna mtu ananitania kwa lita. Na hiyo hela nisingeiona kama nisingekuwa na mkataba wa maandishi na namba ya NSSF, kwa hiyo ukiambiwa "we anza tu safari mkataba utakuja", jua hapo huna kazi, una lifti ya kwenda Lubumbashi. Sheria ya Ajira ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, sio hisani hiyo.

Tangu siku ile kila nikizima gari napiga picha ya dashibodi, mshale wa mafuta na kilomita, na picha moja ya gari lilivyokaa. Simu imejaa dashibodi mpaka mke wangu ananicheka. Fanyeni hivyo, haina gharama.

Mizani nayo. Wengi mnajua tu kwamba mwisho ni tani 56 kwa gari la ekseli saba, yaani vile vyuma vya kukatiza vinavyoshika tairi, mnadhani ukiwa chini ya hapo umepona. Inapimwa na ekseli moja moja na makundi yake. Mbele kwenye usukani ni tani 8, ekseli moja ya tairi nne ni 10, zikiwa mbili pamoja 18, tatu pamoja 24. Kwa hiyo kichwa cha difu mbili, yaani ekseli mbili za nyuma zinazosukuma gari, na trela ya ekseli tatu ni 50, hiyo 56 wala haikuhusu. Na unaweza kuwa na jumla nzuri kabisa ila mzigo umepangwa mbele, ukifika mizani ya Vigwaza difu zinasoma zimezidi, safari haijafika hata Chalinze umeshaanza kupiga simu. Kwa hiyo wakati wa kupakia usiende kulala, simama pale uangalie wanavyopanga, wapakiaji watakununia, wakununie tu.

Kule mbele kuna mambo yake. Tunduma siku hizi ni kituo kimoja cha pamoja na Nakonde tangu 2019 lakini foleni inategemea siku, kuna siku unapita, kuna siku unazoea majirani. Hapo ndo posho inapowaumbua watu. Posho unapewa yote Dar unatoka, mtu anafika Morogoro kashakula kama mfalme, Mbeya ana rafiki, Nakonde anaomba chumvi. Mimi nagawa hela yangu, ya kwenda naweka mfukoni, ya kurudi siigusi mpaka nishushe mzigo. Sitaongelea sana wanawake na mirungi, mmekua, mirungi bongo ni kosa la jinai na usingizi hauondoki, unaahirishwa tu halafu unakuja kukudai kwenye kona. Ukisinzia paki ulale. Bosi akipiga simu mwambie nimelala.

Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Congo, wenzetu wanapita kulia. Usukani wako uko kulia, barabara iko kulia, maana yake ukitaka kulipita gari la mbele huoni kinachokuja, anayeona ni tingo aliyekaa kushoto. Hapo ndo utajua kama ulimheshimu huyo kijana njia nzima au ulikuwa unamtukana, maana yeye ndo anakwambia twende au subiri. Lugha usiogope, Lubumbashi mpaka Kolwezi Kiswahili kipo, cha kwao, mwanzo mtachekana kidogo halafu mtaelewana.

Mishahara msiniulize, inatofautiana kila kampuni, wengine wanalipa vizuri mshahara mdogo posho nene, wengine kinyume, we uliza vyote viwili na uulize pia tairi ikipasuka nani analipa.

Na wakati unasubiri usikae bure. Tafuta pasipoti sasa hivi, chanja homa ya manjano upate ile kadi, weka pamoja na leseni kwenye bahasha moja, halafu shinda kwenye mayadi, Tabata, Kurasini, Mbagala huko, saidia kuosha, saidia kuinua tairi, jina lako lizoeleke. Nafasi za lori hazitangazwi. Mimi gari la Congo mara ya kwanza nimelipata hivyo, lilikuwa limeshapakia liko getini linaunguruma, tingo wake kapandisha malaria, msimamizi akatoka ofisini akauliza kwa sauti nani hapa ana pasipoti. Tulikuwa wengi pale chini ya mwembe. Mwenye pasipoti nilikuwa mimi peke yangu.