Fedha za hifadhi: anza na jengo lililo mbele yako, kitabu cha mkaguzi mkuu (CAG) kifuate

Mtoa mada umeuliza mambo mawili: nani anazihoji mamlaka zetu za hifadhi juu ya fedha za walipakodi, na mwananchi wa kijijini aanzie wapi anapoona mradi haujaisha huku kibao kinasema umekamilika. Mdau mmoja amekujibu kwamba zile ni fedha za watalii, hazikuhusu. Nianze na huyo, maana jibu lake limewanyamazisha watu wengi kwenye mikutano niliyohudhuria.

Kiingilio anacholipa mtalii ni fedha ya umma. Hata enzi zile TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilipokusanya viingilio na kuvitumia yenyewe, lilikuwa shirika la umma na hesabu zake zilikaguliwa. Kisha Sheria ya Fedha ya 2020 ikaipa TRA, mamlaka ya mapato, kazi ya kukusanya mapato ya TANAPA, Ngorongoro na TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kuanzia Julai mwaka ule, yakaingia Mfuko Mkuu wa Serikali, na mamlaka zikawa zinapangiwa matumizi kwenye bajeti. Ulikuwa mwaka wa korona, ndege haziji, lakini mishahara na doria viliendelea kwa fedha ya Hazina. Yaani muuza mitumba wa Masasi na mkulima wa korosho wa Liwale walichangia mafuta ya gari la doria. Wana haki ya kuuliza lilikwenda wapi.

Halafu kuna mikopo. Mradi wa kukuza utalii uitwao REGROW ulipitishwa na Benki ya Dunia 2017 kwa dola milioni 150, kwa ajili ya hifadhi za kusini: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mkopo, si zawadi; tutaulipa sisi na watoto wetu. Mwaka 2023 wananchi wanaoishi jirani na Ruaha walipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki hiyo kuhusu kuondolewa kwenye ardhi na ukatili wa askari. Aprili 2024 Benki ikasimamisha kutoa fedha, na Novemba mwaka uleule mradi ukafutwa kabla ya muda wake. Kinachoniuma mimi ni kwamba mfugaji wa Mbarali, jirani na Ruaha, alilazimika kufikisha kilio chake Washington ndipo fedha isimame. Kwa nini hakusikilizwa Dodoma?

Sasa, nani anahoji hapa nyumbani. Ibara ya 143 ya Katiba inampa kazi hiyo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, yaani CAG. Anakabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, na inatakiwa ifike bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kianze. Baadaye Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, inawaita maofisa masuuli, yaani wakuu wanaowajibika kwa fedha za taasisi, na kuwahoji. Ripoti zinawekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, nyingine kwa Kiswahili, kwa hiyo zisomeni wenyewe msisubiri vipande vya magazetini.

Lakini fahamuni mipaka ya kitabu hicho. Wa kwanza ni muda. Ripoti za mwaka wa fedha 2021/22 zilikabidhiwa Machi 2023, Bunge likazijadili Novemba 2023. Shilingi iliyotumika Julai 2021 ilikuja kujadiliwa baada ya miaka miwili na zaidi. Mkandarasi ameshahama mkoa, mhifadhi aliyesaini ameshahamishwa, mhasibu amestaafu. Wa pili ni hii hati safi ambayo taasisi hupenda kuitangaza. Hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na hazina dosari kubwa. Haikuambii kama nyumba iliyojengwa ina tanki la maji lililolipiwa. Swali hilo ni la ukaguzi wa ufanisi, ambao hufanywa kwa mada chache tu kila mwaka. Wa tatu, mkaguzi hufanya kazi kwa sampuli. Hawezi kufika kila kijiji. Anakuta jalada: mkataba, vocha, risiti, hati ya kukamilika kwa kazi. Jalada likiwa kamili na hakuna aliyemwambia neno, anafunga na kwenda jalada linalofuata.

Hapo ndipo mwananchi anapoingia. Nawaeleza tulivyofanya kwetu.

Nilikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji kinachopakana na hifadhi, mikoa ya kusini. Sitaitaja hifadhi wala mamlaka, kwa sababu hoja yetu bado iko wazi na baadhi ya wahusika wapo kazini. Kupitia ujirani mwema, yaani mpango wa hifadhi wa kusaidia vijiji vinavyopakana nayo, tuliletewa mradi wa nyumba ya mtumishi wa zahanati. Wananchi tulichimba msingi, tukasomba mchanga na mawe, akina mama wakachota maji ya kufyatulia tofali. Nyumba ikajengwa, ikapakwa rangi, viongozi wakaja wakakata utepe. Kibao kikasimamishwa chenye gharama yote, na neno "umekamilika".

Kilichotuokoa ni daftari. Katibu wa kamati ya ujenzi, mwalimu mstaafu, alikuwa anaandika kila kinachoshushwa: mifuko ya saruji, nondo, mabati, tarehe, namba ya gari, jina la aliyepokea. Watu walimwona msumbufu. Mvua za kwanza zilipoanza na paa likapiga kelele kama linataka kung'oka, fundi mmoja wa palepale kijijini akapanda, akashuka na kusema haya ni mabati ya geji 30. Geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Tukafungua daftari: geji haikuandikwa, maana hata hati ya kupokelea mzigo haikuitaja, ila idadi ilikuwapo na tarehe zilikuwapo.

Tukamuuliza ofisa wa ujirani mwema mkataba ulitaka geji gani. Akasema hilo ni la makao makuu. Diwani akauliza, akajibiwa hivyohivyo. Ndipo tulipoandika barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Sheria hiyo inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Watu wengi hawaifahamu. Hata kule ofisini walishangaa kidogo, lakini barua ilikuwa na kumbukumbu namba, mhuri wa kijiji, na nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa hiyo hakuna aliyetaka iozee mezani kwake.

Tuliomba karatasi mbili tu. Hapa nawasisitiza, kwa sababu nimeona barua za wenzetu wa vijiji jirani zikishindwa. Mtu anaandika kurasa nne, anaanza na historia ya kijiji tangu operesheni vijiji, anaeleza tembo, anaeleza mipaka, anamalizia kwa kuomba "taarifa zote za mapato na matumizi ya hifadhi". Barua kama hiyo ni rahisi kuikataa, au kuijibu kwa maneno ya jumla. Yetu ilisema hivi:

"Ninaomba nakala ya mchanganuo wa gharama na hati ya kukamilika kwa kazi za mradi wa nyumba ya mtumishi wa zahanati uliotekelezwa katika kijiji chetu. Ninaomba chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mimi ni raia wa Tanzania na anwani yangu ni hii hapa chini. Nitashukuru kupata majibu kwa maandishi."

Basi. Mchanganuo ukaja ndani ya muda. Hati ya kukamilika haikuja, na hawakueleza kwa nini. Lakini mchanganuo ulitosha. Ulikuwa na mabati ya geji 28. Ulikuwa na tanki la maji la lita 5,000 na mifereji ya kuvunia maji ya mvua. Tanki hatukuwahi kuliona hata siku moja, na mifereji vilevile.

Tukaitisha mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inataka mkutano huo kila miezi mitatu, na ni mahali penye nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu muhtasari wake ni waraka halali. Tukausoma mchanganuo kipengele kwa kipengele mbele ya watu wote, mwalimu akasoma daftari lake, fundi akaeleza geji. Hatukumwita mtu mwizi. Muhtasari uliandika: kipengele hiki kipo kwenye mchanganuo, kwenye eneo la mradi hakipo. Nakala tukaipeleka kwa mkaguzi wa ndani wa mamlaka, na nyingine kwenye ofisi ya CAG ya mkoa. Watu wanadhani CAG yuko Dodoma tu. Ana ofisi mikoani, na wakaguzi wake huongea na wananchi.

Walikuja kwenye mzunguko wao wa ukaguzi. Walipima bati kwa kifaa, wakapiga picha sehemu ambayo tanki lingekaa, wakamhoji mwalimu kwa muda mrefu na kuchukua nakala ya daftari. Mmoja wao alituambia kwamba jaladani kazi yote ilishathibitishwa kuwa imekamilika kwa asilimia mia. Bila ule muhtasari wasingefika kabisa, maana mradi wetu ni mdogo ukilinganisha na barabara na mitambo. Baada ya hapo mabati yalibadilishwa, mkandarasi akirudi kwa gharama yake. Tanki bado. Nesi wetu anachota maji kisimani kama wengine, na kila robo mwaka tunaliweka kwenye ajenda na kuandika barua ya kukumbusha.

Kuna mdau ameuliza kuhusu TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Mkiwa na ushahidi wa jinai, saini ya kughushi au mtu aliyedai chochote, nendeni huko moja kwa moja. Sisi tulikuwa na tofauti kati ya karatasi na jengo, na jambo hilo ni la mkaguzi kwanza.

Sehemu ya pili ninayotaka muiangalie ni kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori na kwa familia iliyouliwa mtu. Naamini ndicho kipimo cha kweli cha mamlaka ya hifadhi, kuliko hati ya ukaguzi. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia iliyouliwa mtu na mnyama mkali, na kwa mazao kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, mwisho ekari tano. Viwango hivyo vilikaa hivyo kwa miaka mingi. Fikirieni mama mwenye ekari mbili za mahindi, tembo wamepita usiku mmoja tu, chakula cha mwaka kimekwisha. Hata akilipwa kiasi cha juu kabisa cha viwango hivyo hapati gunia za kutosha kumfikisha mavuno yajayo. Na hicho kidogo anakisubiri mpaka anasahau.

Kwetu tuligundua kwamba watu walikuwa wanadai gizani. Ofisa ugani anatathmini, fomu inakwenda wilayani, kisha wizarani, na baada ya hapo hakuna anayejua imefia wapi. Tulipoomba orodha kwenye ofisi husika, majina kadhaa ya waliotathminiwa hayakuwamo kabisa, wakiwemo wajane wawili. Sasa kila tathmini ikifanyika mtendaji anabaki na nakala, na orodha inabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji ikiwa na jina, ekari na tarehe ya kupelekwa wilayani. Malipo yakija, tunalinganisha mbele ya watu. Jambo hili halina gharama yoyote, na kijiji chochote kinaweza kulianza wiki hii.

Kwa wale ambao wilaya zao zina vitalu vya uwindaji, ulizeni pia kwenye baraza la madiwani juu ya asilimia 25 ya ada za wanyama, zile wanazolipa wawindaji, inayorudi halmashauri. Ni kikao cha wazi, ingieni mkae nyuma msikilize. Na zabuni siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kwa hiyo jina la aliyeshinda si siri tena.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Msiwafanye askari wa doria kuwa adui katika haya. Nimekaa nao. Nimemsikia askari akieleza gari la kituo lililosimama kwa kukosa matairi msimu mzima, huku yeye anatembea kwa miguu kwenye pori lenye majangili wenye silaha. Fedha ya mafuta ikiyeyuka ofisini, wa kwanza kuumia ni yeye, wa pili ni yule mama wa mahindi aliyepiga simu usiku na hakuna aliyekuja. Hawa wawili wanadai kitu kimoja. Mimi napenda hifadhi zetu zidumu, wajukuu wangu wawaone tembo, na ndiyo maana sikubali shilingi yake hata moja ipite bila kuulizwa.

Mtoa mada, kwa mradi wako: piga picha ya kibao leo kabla hakijang'olewa, tafuta nani alikuwa kwenye kamati ya ujenzi na kama kuna daftari lolote, hata la mlinzi. Andika barua ya kuomba mchanganuo peke yake. Ukijibiwa, au siku 30 zikipita kimya, rudi hapa uweke tarehe uliyoipeleka na aliyeipokea, nitakusaidia kuandika ile ya kumwomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi.