Jaji mstaafu na leseni ya bastola Texas

SWALI: Baba mkwe wangu amestaafu ujaji wa mahakama ya wilaya hapa Texas. Akiwa kazini alikuwa na leseni ya kubeba bastola, na sasa inakaribia kuisha. Anasema hana haja ya kuomba nyingine: siku hizi watu wanabeba bila leseni, na isitoshe yeye ni jaji. Ni kweli?

JIBU: La kwanza ni kweli kwa kiasi. Tangu Septemba 1, 2021 mtu wa miaka 21 na zaidi asiyezuiwa na sheria anaweza kubeba bastola Texas bila leseni. Ila ruhusa hiyo inaishia mpakani. Akivuka kwenda New Mexico, bastola yenye risasi iliyofichwa chini ya koti inataka leseni, na ya Texas inakubalika huko. Tena kuna sheria ya shirikisho ya 1990 inayokataza bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka shule, nayo inamsamehe mwenye leseni ya jimbo. Siku mkweo atakapomsindikiza mjukuu shuleni huku ana bastola kiunoni, kijikadi hicho ndicho kitakachomwokoa.

Hilo la "mimi ni jaji" ndilo linaloponza wastaafu. Sheria ya Texas inamtaja jaji aliye kazini na aliyestaafu katika kifungu kimoja, lakini haiwapimi kwa kipimo kimoja. Mstaafu huchunguzwa: asiwe amewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai, wala kosa dogo la daraja A au B katika miaka 5 iliyopita, asiwe na mashtaka ya aina hiyo yanayomsubiri, asiwe mraibu, na awe na akili timamu. Hutia saini fomu ya kuruhusu Idara ya Usalama wa Umma ichungulie hata kumbukumbu zisizo za jinai. Ada ni dola 25. Na si kila aliyewahi kukalia kiti cha hukumu anahesabiwa mstaafu kwa kifungu hiki. Wa mahakama ya wilaya mwenye pensheni ya majaji hana shida.

Ile sheria ya 2004 inayowaruhusu wastaafu wa polisi kubeba nchi nzima haimhusu.

Kinachokwamisha wazee, kwa nilivyoona, ni alama za vidole zinazotakiwa kwenye maombi. Ngozi ikizeeka mistari hufifia na alama hazisomeki, fomu zinarudi. Apake mafuta ya mikono kwa siku kadhaa kabla ya kwenda, ila siku yenyewe aende na mikono mikavu.

Halafu shabaha. Mtihani wa kawaida ni risasi 50: 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7, na 10 kwa yadi 15; anayepata alama 175 kati ya 250 amefaulu. Yadi 3 huwa hazimshindi mtu. Kwa yadi 15 mikono huanza kutetemeka, na mzee huvuta kifyatulio kwa ghafla ili amalize upesi, risasi zikaenda chini kushoto. Afanye mazoezi ya kuvuta polepole nyumbani, bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine.

Na hata akishaipata, mahakama ya shirikisho haiingiliki na bastola: kifungo ni hadi miaka 2. Akienda kumsalimia rafiki yake jaji huko, aiache nyumbani.