Homa ya siku ya tatu wodini: uliza kabla ya kubadili dawa

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodini, mgonjwa akipata homa baada ya kulala hospitalini zaidi ya saa 48, msimchukulie kama yule aliyekuja na homa yake kutoka nyumbani. Bakteria waliomwingia kwenye damu huenda ni wa humu humu, na hao wameshazoea dawa zetu. Majibu ya kuotesha damu, yaani kuilea maabara ili bakteria waliomo waonekane, huchukua siku mbili, tatu. Mpaka yafike unatibu kwa kukisia, na hutakisia vizuri kama humjui mgonjwa wako.

Swali ninalotaka mlizoee kuliko yote: ametumia antibiotiki gani ndani ya miezi mitatu iliyopita? Ukiuliza tu "umetumia dawa?" wengi watasema hapana. Sindano ya zahanati hawaihesabu, na vidonge vya duka la dawa ndiyo kabisa. Uliza hivi: "Kabla ya kuja huku mlipita wapi? Alichomwa sindano? Ngapi kwa siku?" Ndugu aliyemleta mara nyingi anajua zaidi ya mgonjwa mwenyewe, basi mfuate kabla hajaondoka. Soma na barua ya rufaa hadi mwisho. Ukikuta amechomwa seftriaksoni wiki nzima kabla ya kufika kwenu, hiyo ni habari kubwa. Dawa ile huua bakteria wanyonge wa utumbo na kuwaachia nafasi E. coli na Klebsiella wenye kimeng'enya cha kuivunja. Hao ndio watakaopenya kwenye damu mwili ukilegea. Kumrudishia seftriaksoni ileile ni kumpotezea muda ambao hana.

Gharama ya kukosea dawa tunaijua hapa hapa nyumbani. Utafiti wa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wa mwaka 2001 hadi 2002, uliochapishwa 2007, ulifuatilia watoto 1,828 waliolazwa. Waliokuwa na bakteria wa gramu hasi (kundi la akina E. coli na Klebsiella) kwenye damu walifariki asilimia 43.5; wenye malaria asilimia 20.2. Kupewa dawa ambayo kimelea hakiisikii kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoashiria kifo.

Ukishauliza habari za dawa, tazama mipira aliyowekewa. Kanula ya mshipani, katheta ya mkojo, mpira wa mshipa mkubwa wa shingoni: kila kimoja ni mlango. Andika tarehe juu ya plasta ya kanula, ikague kila zamu, na kama dripu imesimamishwa tangu jana, itoe. Mimi naona hili ndilo jambo rahisi tunalolipuuza kuliko yote, kwa sababu kanula "itatumika kesho". Kwenye wodi ya watoto wachanga msichangie chupa moja ya maji ya kuchanganyia dawa kwa watoto kadhaa. Njiti hana kinga ya kuvumilia hilo.

Wengine wa kuwashuku mapema kuwa na bakteria waliozoea dawa ni waliotoka chumba cha wagonjwa mahututi, waliohamishwa kutoka hospitali nyingine, walioungua, wanaosafishwa damu kwa mashine, na wa saratani walioshuka chembe nyeupe.

Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Kwa mtu mzima ni mililita 8 hadi 10 kila chupa, na seti mbili kutoka sehemu tofauti ni bora. Paka dawa ya ngozi kisha subiri ikauke. Ukiharakisha utaotesha bakteria wa ngozi na kumtibu mgonjwa ugonjwa asio nao. Usivute damu kwenye kanula ya zamani. Ila mgonjwa mwenye presha iliyoanguka asicheleweshwe: damu ichukuliwe upesi, na dawa iingie ndani ya saa moja.

Majibu yakitoka, badilisha dawa kwa kuyafuata. Hata kama mgonjwa ana nafuu kwa dawa kubwa, mhamishie kwenye ndogo zaidi ikiwa majibu yanaonyesha inatosha. Na usisubiri karatasi ipande yenyewe wodini, hasa Ijumaa. Piga simu maabara, na usipopokelewa nenda.