Nyayo zinawaka moto usiku, dawa za maumivu hazisaidii

SWALI: Nina kisukari mwaka wa kumi sasa na natumia metformini. Usiku nyayo zinawaka moto, hata shuka likigusa vidole nashtuka. Mchana ni ganzi, kama nimevaa soksi nene. Nameza parasetamoli na diklofenaki bila nafuu. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana. Maumivu yako hayatoki kwenye msuli wala kiungo, yanatoka kwenye neva zenyewe. Zimeharibika, zinapeleka ubongoni habari za moto ilhali hakuna kinachokuunguza. Ndiyo maana dawa hizo haziyafikii. Diklofenaki iache kabisa: ikimezwa muda mrefu huumiza figo, na figo za mwenye kisukari tayari zimo hatarini.

Usikubali kuambiwa "ni kisukari tu" kabla hujapimwa vitamini B12. Metformini ikitumiwa kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wake, na upungufu huo huleta ganzi hiyohiyo. Ukigundulika mapema unatibika, ila usiache metformini kwa uamuzi wako. Figo na tezi la shingo navyo vipimwe, na kama unakunywa pombe mweleze daktari bila kuficha.

Kwa maumivu, daktari anaweza kukuanzishia amitriptilini miligramu 10 hadi 25 usiku, akiongeza kidogo kidogo. Huleta usingizi, mdomo mkavu na choo kigumu. Mwenye tatizo la mapigo ya moyo, presha ya macho au mkojo kuziba aseme kabla ya kuandikiwa. Gabapentini mara nyingi huanza na miligramu 300, nayo hupunguzwa figo zikiwa dhaifu wala haikatizwi ghafla. Duloksetini huanza na miligramu 30 kisha 60. Wengi hukosea hapa: wanameza siku tatu, hawaoni kitu, wanaacha. Dawa hizi zinahitaji wiki kadhaa kwenye dozi ya kutosha, na maumivu yakipungua kwa nusu, hayo ni mafanikio makubwa.

Lakini tunachokihofia zaidi ni ile ganzi ya mchana, kwa sababu haiumi. Kokoto ndani ya kiatu inaweza kukukwangua kutwa nzima usijue, jioni ukakuta kidonda. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, usitembee peku hata ndani, pima maji ya kuoga kwa kiwiko. Kila jioni kagua nyayo kwa kioo na katikati ya vidole. Ukiona lengelenge au wekundu, nenda kliniki kesho yake, usingoje miadi. Usikande miguu kwa maji ya moto hata kama yanaburudisha.

SWALI: Nimeongeza vidonge vya vitamini B, naviita vya neva, nameza vingi kila siku. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Soma lebo utafute B6, yaani piridoksini. Ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi. Anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu kwa kawaida hupewa B6 miligramu 10 hadi 25 tu kwa siku ili kukinga neva zake. Jumlisha B6 ya vidonge vyote unavyomeza, upeleke hesabu hiyo kwa daktari. Na kama ganzi inaambatana na miguu kulegea na udhaifu unapanda juu siku hadi siku, hilo si la vidonge: nenda hospitali leo hii.