Basi likifunga breki halirudi kinyumenyume

Dogo, hilo jibu lako la sifuri kwenye swali la breki nalifahamu. Niliandika hilohilo mwenyewe kidato cha tatu, nikalipigia na mistari miwili chini kwa kujiamini. Swali lilikuwa hilihili uliloweka hapa: basi linakwenda mita 20 kwa sekunde, dereva anakanyaga breki, kasi inapungua kwa mita 4 kwa sekunde kila sekunde. Baada ya sekunde 10 limekwenda umbali gani?

Umechukua s = ut + ½at² (s ni umbali, u kasi ya kuanzia, t muda, a mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde; hapa ni −4). 20 × 10 ni 200, ukatoa ½ × 4 × 100 ambayo nayo ni 200, ikabaki sifuri. Kujumlisha na kutoa hujakosea popote. Mwalimu wetu aliniuliza tu, "Kwa hiyo basi limerudi kinyumenyume mpaka lilipoanzia, na abiria wake?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka kinafiki.

Kanuni hizi zinafaa pale tu mchapuko usipobadilika. Breki zinalisimamisha basi, hazilisukumi nyuma, kwa hiyo likishasimama ile −4 imekwisha. Tafuta kwanza linasimama lini: 0 = 20 − 4t, yaani sekunde 5. Zile 5 zilizobaki limetulia tu barabarani. Umbali ni 20 × 5 − ½ × 4 × 25 = mita 50. Ukichora grafu ya kasi na muda unapata pembetatu, kimo 20, kitako 5, eneo 50. Siku hizi naanza na grafu kabla ya kanuni yoyote. Mstari ukizama chini ya sifuri najua nimeshaanza kurudisha basi nyuma.

Sasa rusha jiwe juu kwa kasi hiyohiyo ya 20, na g, mchapuko wa mvuto wa dunia, uichukue 10. Baada ya sekunde 4: 80 − 80, sifuri tena, na safari hii ni sahihi kabisa! Jiwe limerudi mkononi. Kule juu, kwenye mita 20, kasi yake ni sifuri kwa kitambo kidogo, ila dunia haijaacha kulivuta. Ukiandika a = 0 pale kileleni (wengi huandika), jiwe lako litaning'inia hewani.

Kipengele cha pili cha swali lako: basi ni lilelile, mtoto yuko mita 55 mbele na dereva amechelewa nusu sekunde kukanyaga breki. Hiyo nusu sekunde usiichanganye na breki, inakula mita 10 kwa kasi ileile ya 20. Zinabaki 45, na basi linahitaji 50. Litamgonga. Kwa kasi gani? Muda hukupewa wala hukuulizwa, kwa hiyo tumia kanuni isiyo na t, v² = u² + 2as (v ni kasi ya mwisho): v² = 400 − 2 × 4 × 45 = 40, v ni kama mita 6.3 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 23 kwa saa, bado ni ya kuvunja mguu.