Kupendekeza Riwaya za Fantasia Bila Kudanganya

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu hapa Kisauni na ni mpenzi wa riwaya za fantasia. Kila mwisho wa mwezi wasomaji wachache hukutana barazani kwangu, na mimi ndiye ninayetarajiwa kupendekeza kitabu. Hivi karibuni nilianza juzuu ya kwanza ya mfululizo unaosifiwa kila mahali, nikaiacha katikati kwa kuchoka. Wenzangu wanasubiri kauli yangu. Nikikiponda kitabu nitaonekana mjuaji, na nikikisifu nitakuwa nimesema uongo. Je, ninayo haki ya kukisema kitabu ambacho sikukimaliza?
Mwalimu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Haki hiyo unayo, mradi uwaambie wenzako ulipoishia. Mtu anayesema kwamba alifika ukurasa wa 210 katika kitabu cha kurasa 700 ametoa ushahidi kamili wa kurasa hizo 210, na kinachomharamikia ni kutoa hukumu juu ya mwisho ambao hakuuona. Katika fantasia jambo hili lina uzito zaidi kuliko katika riwaya za kawaida, kwa kuwa waandishi wengi wa aina hii hutumia sehemu ndefu ya mwanzo kuijenga dunia yao, pamoja na ramani, koo za kifalme, dini na vita vya kale, kabla kisa chenyewe hakijaanza kukimbia.

Hata hivyo, usiishie kwenye neno "kinachosha", maana kinachokuchosha wewe huenda ndicho hasa mwenzako anachokitafuta. Waambie ni nini kilichokuchosha. Tuseme umeandika hivi: "Sura nane za kwanza ni safari tupu, wasafiri wanatembea, wanapiga kambi, wanapika, wanatembea tena, na mwandishi anaielezea milima kwa mapenzi makubwa kuliko anavyowaelezea watu wake." Hapo hujakiponda kitabu wala hujakisifu, lakini anayependa maelezo ya nchi za ajabu ameshajua kwamba ni chake, na anayetaka mapigano mapema ameshajua aombe kingine. Ujuaji huanza pale mtu anapowaambia wenzake kwamba hawakupaswa kukipenda. Kusema "mimi sikukipenda, na sababu ni hii" hakumvunjii mtu heshima.

Yapo mambo ambayo ni kasoro kweli, wala si suala la ladha, na hayo usiyafiche. Uchawi katika fantasia si kasoro, hata ukiwa wa ajabu kiasi gani. Kasoro ni mwandishi kuivunja kanuni aliyoiweka mwenyewe. Ikiwa sura ya tatu inasema kwamba mganga hawezi kutumia nguvu zake bila kupoteza sehemu ya kumbukumbu zake, halafu katika vita vya mwisho anawaokoa wote na hasahau hata jina la jirani yake, msomaji ameibiwa. Unaweza kulisema hilo bila kufichua kisa, kwa kueleza tu kwamba kanuni za uchawi zinalegea kuelekea mwisho.

Kuna pia taarifa ambazo si maoni hata kidogo, nami hushangaa jinsi wahakiki wanavyozisahau. Je, mfululizo umekamilika? George R. R. Martin alitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wake mashuhuri mwaka 1996 na cha tano mwaka 2011, na wasomaji wangali wanakingoja cha sita. Robert Jordan alifariki mwaka 2007 kabla ya kuumaliza wake, ukakamilishwa na Brandon Sanderson hadi juzuu ya 14 iliyotoka mwaka 2013. Mtu anayetoa pesa zake anastahili kuyajua haya mapema, hasa katika mji wetu ambamo unaweza kuipata juzuu ya tatu kwa muuza vitabu vya mitumba na usiione ya kwanza mwaka mzima.

Taja vilevile kama kuna ubakaji, mateso au umwagaji damu mwingi, kwa sababu kitabu kikitoka barazani kwako huenda kikaishia mikononi mwa mtoto wa miaka 12. Wazazi wengine watauliza habari za uchawi na majini. Waeleze kilichomo bila kukitetea, waamue wenyewe, ingawa mimi binafsi huwakumbusha wanaouliza kwamba Shaaban Robert alituandikia *Adili na Nduguze*, kitabu chenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani, na tukakisoma kwa raha.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Rafiki yangu wa Likoni amechapisha riwaya ya fantasia kwa gharama yake, akanipa nakala ya bure na kuniomba niisifie kwa wasomaji wenzangu. Sura za pepo wa baharini zimenikosesha usingizi, lakini makosa ya uhariri ni mengi mno. Nifanyeje?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Marahaba. Anza kwa kuwaambia wasomaji kwamba mwandishi ni rafiki yako na kwamba nakala hukuinunua. Kisha zisifu sura za pepo kwa kuzitaja, maana sifa hiyo ni ya kweli, na sentensi inayofuata iseme wazi kwamba kitabu hakikuhaririwa vya kutosha. Orodha ya makosa yenyewe, pamoja na kurasa zake, mpe rafiki yako faraghani kabla hajachapisha tena. Ukiona huwezi kuyatamka haya akiwa amekaa mbele yako, mwambie sasa kwamba hutakizungumzia kitabu chake, na umtafutie msomaji asiyemfahamu.